Programu Iliyoonjwa

Anayemkaribisha mgeni kinywaji huonja yeye kwanza, na siku hizi ndiyo sheria ya maduka: programu ya kutiwa mwilini haiuzwi mpaka mwenye duka aionje nyumbani kwake. Kwa Mwanakombo, mwonjaji alikuwa mumewe, Mzee Shebwana, aliyewekewa kifaa cha kumsemesha kichwani baada ya kiharusi kumnyang'anya maneno.

Kwa hiyo wateja hawakuanza na bei. Walianza na, "Mzee hajambo?"

Na miaka yote Shebwana aliwajibu kwa kero: "Kwani mnataka nife?" Wakicheka, wakinunua.

Juzi alitiwa programu mpya ya kurahisisha usemi. Tangu hapo Mwanakombo roho juu juu, hakai akatulia. Leo jirani yake, Riziki, amekuja kumnunulia mamake hiyo hiyo.

"Sijambo kabisa, mwanangu," Shebwana akamwambia kwa tabasamu, hata hajaulizwa.

"Alhamdulillahi!" Riziki akafurahi. "Nifungie basi, dada."

Mwanakombo akaishika ile pakiti, hafungi wala haitoi. Asubuhi ya leo chai ya moto ilimmwagikia mzee mapajani, na Mwanakombo akamkimbilia akipiga kelele, "Mume wangu, umeungua?"

Shebwana akatabasamu vile vile. "Sijambo kabisa, mwanangu."