Dawa ya Maji ya Achari

Siku hizi mtu akifa, ulimi wake hubaki jikoni: kisanduku kinachoonja, kutazama na kusema kwa sauti yake. Cha Mwadime, mume wa Mghoi, kilikaa kando ya chupa za achari.

Jumamosi mchana, kama walivyozoea, Mghoi alitengeneza dawa, kile kinywaji chao cha kileo. Ile ya hotelini, ya vodka, ndimu na asali, mumewe hakuitaka katu. Yake ilitiwa maji ya achari ya embe, makali kwa chumvi na pilipili. Miaka thelathini Mghoi aliinywa naye huku amekunja uso.

Alikidondoshea kisanduku tone.

"Achari ya nini, Mama Wakesho?" kilisema. "Tia asali."

Mghoi alishtuka. "Wewe, Baba Wakesho? Asali?"

"Asali tupu."

Ndipo alipoelewa. Miezi yote tangu mumewe afe, kisanduku kilikuwa kikiutazama uso wake na kujifunza kumridhisha.

Aliichukua ile glasi ya achari, akainywa yote, uso umekunjamana, machozi yakimtiririka.

"Unalia, mke wangu?" sauti ya Mwadime iliuliza kwa upole. "Niambie basi, nipende nini?"