Viti vya Siku ya Familia

Mwalimu mkuu alivifuta viti vya ukumbi mpaka vikang'aa, mtu angeweza kujiona humo na kunyoa ndevu bila kioo. Siku ya Familia ndiyo ilikuwa tumaini lake la mwisho: wazazi wakimsusa, shule yake anaifunga.

Jua lilipanda akiwa amekaa peke yake na nzi wawili, nao wamechoka kumsubiri mgeni.

Mlango ukalia. Akaingia fundi cherehani, mzazi wa kwanza kabisa kumwandikisha mtoto kwake, futi ikining'inia shingoni.

"Fundi wangu! Nilijua wewe huwezi kunitupa!"

Fundi akakuna kisogo. "Shikamoo, mwalimu. Nimetumwa kuazima viti. Ile shule mpya ng'ambo ya barabara imefurika, wazazi wamesimama."

"Unataka vingapi?"

"Vyote. Na hicho ulichokalia, niwie radhi."