Machale na Kamba za Wenzake

Basi bwana, majani yalipoanza kupukutika, mbwa wa kuvuta sleji, lile gari la kuteleza thelujini, walianza mazoezi ya kukokota mkokoteni wa magurudumu, wakingoja theluji. Mbele kabisa alifungwa Machale, mbwa aliyeushuku hata mkia wake mwenyewe. Nafasi ile ya mbele aliipenda kuliko nyama, na aliamini kuna mvivu nyuma atakayemharibia. Kila mara aligeuka kuwatazama wenzake waliofungwa nyuma yake.

"Shangazi Pambaja, mbona kamba yako imelegea?"

"Imekaza kama ngoma, mwanangu. Tazama mbele!"

"Kuna mmoja humu anategea. Namnusa!"

Mkokoteni ukakwama matopeni. Mama mwenye mbwa akashuka, akaanza kushika kamba moja moja kutoka nyuma. Machale akageuka tena, meno nje kwa furaha: leo mvivu anaumbuka! Kamba zote zilikuwa zimekaza, isipokuwa ya mbele kabisa. Hiyo ilining'inia kama utambi, maana mwenyewe alikuwa anatazama nyuma.

Machale akahamishiwa nyuma, karibu na magurudumu, na Shangazi akafungwa mbele.

"Usinune, mwanangu," Shangazi akamwambia. "Hapo utatukagua sote bila kuumia shingo."