Pweza wa Mkasi

Mchana huo jua lilikuwa kali na mtaa mzima wa mikahawa ulinukia: mishkaki kwa Mwarabu, tambi kwa Mchina, injera kwa Wahabeshi. Kwa Fonseca, Mgoa, hakukunukia kitu. Mpishi wake alikuwa ameugua ghafla na kupelekwa hospitali. Ukumbini, familia mbili zilizokuja kufahamiana kabla ya harusi, Wangazija na Washihiri, zilikaa kimya, kila moja upande wake.

"Nitawaambia waende," Fonseca alisema.

"Usiwaambie," akajibu Mkasi, aliyemwoshea vyombo miaka tisa. "Nipe nusu saa tu, bosi."

Akafuta mikono, akamkatakata pweza ambaye mpishi alikuwa amekwisha kumchemsha. Akamuunga kwa tui zito, kama wanavyofanya kwao, kisha akatia siki na pilipili za Kigoa ambazo hakuwahi kuruhusiwa kuzigusa. Akaonja. Akacheka peke yake.

Sahani zikatoka. Fonseca akachungulia kwenye pazia. Mtu akaitisha mkate, halafu mama wa Kingazija akammegea mama wa Kishihiri kipande cha mkate wake, na kelele zikaanza.

"Nani kapika? Aje tumwone!"

"Nenda," Fonseca alisema, akimshikia pazia.

Mkasi akatoka vivyo hivyo, aproni imelowa, uso unang'aa jasho. Wote wakageuka. Mama wa bwana harusi akasogea kwenye benchi, akapigapiga kwa kiganja nafasi iliyobaki wazi kando yake.