Ndege wa Griffin

Griffin aliiba kadi ya kamera wakati mwenye nyumba yuko kwenye swala ya adhuhuri. Siku hiyo sujudu ya mama huyo, Madinah, ilikuwa ndefu kuliko kawaida, na Griffin, mtu wa haraka tangu kuzaliwa, aliona ni bahati yake.

Alikuwa ametoka Mbale na kilo ya sukari, kuja Walukuba, Jinja, kumjulia hali mjane wa mwalimu wake. Ndivyo alivyosema mlangoni. Macho yake yalikuwa kwenye lenzi ya marehemu Muhamad: ndefu, ya chuma, nzito kama mchi, ya zamani mno hata haijui kulenga yenyewe. Unazungusha pete yake kwa vidole, polepole, mpaka jicho la ndege litulie. Ukizidisha kidogo tu, ndege anageuka moshi.

"Mama, bado unaitumia?"

"Nitafanya nini, mwanangu? Kusuka nako kunavunja mgongo." Vidole vya Madinah vilikuwa zambarau mpaka kwenye kucha, wiki ile alikuwa anatia rangi ukindu wa makawa. "Juzi nimempata mmoja kwenye mafunjo. Hata jina lake silijui. Tazama."

Kwenye kioo kidogo cha kamera alisimama ndege wa zambarau juu ya gogo. Jicho lake kali na kitu chekundu mguuni vilionekana wazi, mengine yote ukungu.

Griffin alimeza mate. "Umemwonyesha nani?"

"Nani ananisikiliza mimi?" Mara adhana ikalia, Madinah akaenda kutawadha.

Si mara ya kwanza. Zamani Muhamad alimpiga picha tai akinyanyua samaki kutoka mtoni, picha ya maisha yake. Griffin, aliyekuwa mwanafunzi wake, akaipeleka Mbale kwa jina lake mwenyewe. Mzee alipodai, Griffin aliinua mkono mbele ya watu akaapa, na watu wakamwamini aliyeapa. Picha ile ndiyo iliyomletea watalii, na watalii wakamletea nyumba ya wageni. Muhamad alizikwa akiitwa mwongo. Wengine walinong'ona hayo matangani huku wanatafuna pilau yake.

Madinah hakulia siku ile. Alikuwa anaichambua hasira yake kama mchele, asije akaipika na mawe.

Habari ya kadi ililetwa na jirani yake Kagoya, aliyeingia bila hodi, mdomo ukitangulia.

"Mama Amir! Mtoto wako wa sukari anaandaa sherehe Mbale! Picha yako ameikuza kama mlango! Hii Walukuba imeoza, wallahi, hata mimi Mkristo naapa. Wewe wanakuibia kadi, mimi wananiibia bata. Bata wangu mweupe! Na nilimfunga mguuni kitambaa cha gomesi yangu, lile gauni la zamani, kama sote tunavyofunga, kila mtu anamjua. Wamemla na alama yake!"

"Pole, jirani."

"Pole ya nini? Wewe una ushahidi! Si lenzi ya mzee ina mkwaruzo? Kila picha inatoka na alama kama ukucha pale pembeni. Nenda ukamwumbue!"

"Nitaenda," alisema Madinah. "Na wewe utanisindikiza."

"Mimi na macho haya? Mtu akiwa ng'ambo ya barabara simjui ni mume au mbuzi."

"Utakaa na mimi. Vaa vizuri."

Ukumbi wa Griffin kule Mbale ulijaa watalii, wenye hoteli, na afande mmoja mstaafu aliyeketishwa mbele kama mgeni wa heshima. Kitambaa kilipovutwa, watu waliguna. Ndege wa zambarau alikuwa mkubwa kuliko afande. Pembeni, juu kabisa, alama kama ukucha.

Griffin alimwona Madinah, jasho likamtoka. Alimfuata mpaka kiti cha nyuma. "Mama, tusiaibishane. Tutaelewana."

Madinah akasimama. "Afande, naomba kusema."

"Mkwaruzo!" Kagoya alimchoma kiwiko. "Sema mkwaruzo!"

"Kuna watu wanasema picha hii ni yangu," alisema Madinah. "Ni uongo. Mikono yenyewe hii inatetemeka, ndege gani atanisubiri? Ni ya Griffin. Ila aape tu, kama alivyoapa kwa ile ya tai. Turudi Jinja roho zimetulia."

Kagoya aliachama. Griffin alirudiwa na rangi yake. Akapanda mbele, akainua mkono, ule ule.

"Naapa mbele ya Mungu. Ndege huyu nimemtafuta mimi. Nimemkuta kwenye bwawa chini ya mlima Wanale, nikalala tumboni kutwa nzima. Hakuna binadamu mwingine aliyemkaribia!" Akaona wamemeza, akaongeza kijiko. "Na tazameni mguuni. Ile nyekundu ni pete. Watafiti wa Ulaya wanawafunga ndege wa thamani pekee. Mjue ni ndege wa namna gani!"

Makofi yakalia. Ya Madinah ndiyo yaliyokuwa na nguvu zaidi.

Kisha akamshika Kagoya mkono. "Twende mbele, jirani. Wewe huoni mbali."

Kagoya alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi. Alitazama kichwa, akatikisa chake. Alitazama gogo. Akainama kwenye mguu, akakaa hapo, akapitisha kidole juu ya kile chekundu chenye maua ya njano.

"Woowe!" Ukumbi mzima uligeuka. "Hii si gomesi yangu? Afande, mkamate! Wewe Griffin, bata wangu umempeleka wapi?"

Madinah aliingiza vidole vyake, bado zambarau kwenye kucha, chini ya mtandio, akasubiri kusikia mara hii Griffin ataapa nini.