Pete Mbili za Mlangoni

Nikutegee kitendawili: mlangoni kwangu wako ndugu wawili. Mkubwa akilia, najifunga shungi. Mdogo akilia, naenda kufungua kichwa wazi.

Umeshindwa? Nipe mji, basi. Nauchukua huu wetu, Fez, na ndugu wenyewe ni pete za chuma za kubishia mlango. Kubwa ya wageni, ndogo ya watu wa nyumbani.

Pete ndogo nilimkataza mwanangu asiiguse tena, siku aliyoondoka kwa ugomvi kwenda ng'ambo. Mdomo ulinitangulia. Imenyamaza miaka thelathini.

Juzi nikiwa nakanda unga, ikalia kubwa. Nikajifunga shungi, nikasogea.

"Nani?"

"Mgeni tu, mama," msichana akajibu, anahema. "Hivi vichochoro vyenu alivichora nyoka? Nimepotea mara tatu! Punda kanibana ukutani, na mwenyewe anataka nimwombe radhi punda."

Nikacheka. "Kumbe huyo punda ni mzaliwa wa hapa, mwanangu. Unamtafuta nani?"

Akajibu taratibu: "Baba alinielekeza mlango huu. Akanionya nisiguse pete ndogo, eti aliyemkataza yumo humu ndani."

Unga ukanikaukia vidoleni.

Nikavua shungi.

"Iguse," nikasema. "Kisha unijibu vizuri. Wewe nani?"

Pete ndogo ikalia, sauti ina kutu.

"Ghita, Bibi. Baba alinipa jina lako."