Ulimi wa Balozi

Panga la kwanza lilimpata Bethwel akiwa bado anacheka. Alikuwa amefungua mikono amkumbatie rafiki yake. Mkono mmoja ukaangukia mtoni, na saa yake ikaendelea kutembea kama haijaambiwa.

Siku moja kabla, hakuna aliyewaza damu. Isipokuwa Wakhungu, na huyo aliwaza damu hata akiwa kanisani.

Wakhungu alikuwa askari mstaafu. Nyumba yake ilikuwa bondeni, kwenye ekari sitini ambazo watu wa chini, upande wa Ndalu, walisema ni zao, na watu wa juu, upande wa mlimani, pia walisema ni zao. Watu wa juu waliichoma mara mbili. Mara ya pili iliungua na mama yake ndani. Sasa mvua ilikuwa karibu, na kila mtu alijua: asiyepanda bondeni mwaka huu hatapanda tena.

Makokha yeye alikuwa mtu wa amani. Alifanya kazi ubalozini miaka ishirini, huko Ulaya, kwa hivyo kijiji kizima kilimwita Balozi. Alirudi na suti sita na ulimi wa nyumbani, ule unaoweka r pahali pa l, na l pahali pa r, na hauombi msamaha.

"Huko hukuwa unaongea hivi," mkewe Roselyne alimwambia.

"Nimeludi kwetu, mama."

Wazee wa chini walikutana kwake. Wakhungu alisimama wa kwanza.

"Nchi na nchi huishi kwa kuogopana," alisema. "Mwenye bunduki kubwa ndiye huchora mpaka. Huyo mwingine hupewa karatasi ajipepee."

"Hapana, bana," Balozi akajibu. "Nchi zinaishi kwa kuaminiana. Mkataba moja unashinda bunduki erfu."

"Mama yangu ungemzimia moto na mkataba?"

Balozi alifuta miwani.

"Kesho usirete watu wako," alisema, wazee wote wakisikia. "Hata ukiwaficha kwenye matete, mimi sitaki kujua."

Mpaka hapo Wakhungu hakuwa amefikiria matete.

Balozi akampigia simu Bethwel, mkubwa wa watu wa juu. Walisoma pamoja Kitale, dawati moja, sahani moja. Akaweka sauti ya simu juu ili kila mtu asikie.

"Bethwel, ndugu yangu! Kesho saa nne, mtoni. Tuandike amani. Sisi tutareta kalatasi. Nyinyi njooni na karamu. Karamu tu!"

Kisha kicheko.

"Karamu? Balozi, umenifurahisha! Tutakuja nayo kubwa, mtashindwa kuimaliza!"

Simu ikakatika. Wazee wakaangaliana.

"Kalamu kubwa?" Khaemba akauliza, yule mzee asiye na meno. "Ati hatutaimaliza? Kwani inajazwa wino na ndoo?"

Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na chai.

Asubuhi saa nne, Balozi alisimama kando ya mto, suti ya kijivu, karatasi mkononi. Wazee nyuma yake. Ng'ambo wakatokea vijana kumi na watano wa juu, waliotumwa mbele kupasua kuni na kukata majani ya migomba ya kuwekea nyama. Walikuwa na mapanga. Walikuwa na mashoka na visu vya kuchinjia, vimenolewa vikang'aa. Bethwel aliwaongoza kuvuka, akicheka tangu mbali.

Ndani ya matete, Wakhungu hakuona kuni wala migomba. Aliona chuma. Akapiga filimbi.

Watu arobaini wakaruka. Bethwel alienda chini na kicheko chake. Kijana mmoja alijaribu kusema neno, rungu likamvunja taya na neno likabaki humo. Mwingine alikimbilia majini. Walimfuata wawili, wakamshikilia kichwa chini mpaka miguu ikaacha kupiga. Waliopiga magoti walikatwa wakiwa wamepiga magoti. Mto ulikuwa mdogo. Ulibadilika rangi haraka.

Ndipo wanawake wa juu wakatokea kilimani wakiimba, sufuria vichwani, na nyuma yao dume jeusi likivutwa kwa kamba. Wimbo ulikatika katikati.

Kamati ya serikali ilikaa Bungoma siku mbili. Mashahidi saba wakaapa kwamba watu wa juu waliambiwa walete kalamu, na wao wakaleta mapanga. Ikaandikwa kuwa watu wa chini walijilinda. Watu wa juu walizika maiti kumi na moja, wakafunga mizigo, wakaliacha bonde. Balozi alilia kwenye redio, na nchi nzima ikamwonea huruma.

Mahindi ya bondeni yalipofika magotini, Wakhungu alikuja kwake mchana, amekonda, kofia mkononi. Roselyne aliwawekea chai, akatoka.

"Usijilaumu, Balozi," Wakhungu alisema. "Ni ulimi tu, sote tunaujua. Lakini filimbi nilipiga mimi. Bethwel alikuwa analeta nyama. Kila nikifunga macho naona lile dume." Akaanza kulia, mtu mzima na makovu yake.

Balozi alimsogezea kikombe, akasubiri amalize.

"Ulimi wangu hauna dosari hata kidogo, Wakhungu," alisema taratibu, kila herufi ikikaa pahali pake. "Lakini ningekuambia ukweli mapema, ungepiga filimbi?"